Barua ya wazi: hesabuni watu, msiishie kwenye magunia

Kwa Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya,
Mtakwimu Mkuu wa Serikali,
Waziri wa Afya,
Mkuu wa Mkoa wa Arusha, pamoja na wabunge wetu wa mkoa huu.

YAH: OMBI LA KUPIMA NA KUTANGAZA KIWANGO CHA UVUTAJI BANGI KWA KILA MKOA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha mjini, na mbali na vipindi vyangu darasani nimekuwa mwalimu wa ushauri na unasihi kwa miaka mingi. Kazi hiyo imenikutanisha na bangi kuliko nilivyotarajia nilipoajiriwa. Nawaandikia kuomba jambo moja: nchi yetu ifanye utafiti wa kaya utakaoonyesha ni watu wangapi katika kila mia wanaovuta bangi kwenye kila mkoa, na ikiwezekana kila wilaya, kisha majibu yawekwe hadharani, yatufurahishe au yatuumize sisi wa Arusha.

Mkoa wetu una jina baya kwa jambo hili, na wanaolibeba ni vijana. Kijana akitoka hapa kwenda chuo Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam, akishasema tu kwao ni Arusha, anaulizwa kama amebeba "kile cha Arusha". Wanaouliza wanacheka, naye anacheka nao kwa sababu ni mgeni. Lakini siku hosteli ikinuka moshi, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, binti mpole ambaye sijawahi kumsikia hata akipaza sauti, alinieleza alivyoshushwa kwenye basi njiani, begi lake likafunguliwa na nguo zake za ndani zikatandazwa juu ya nyasi mbele ya abiria wenzake, kwa kuwa tiketi yake ilionyesha alikopandia. Hawakukuta kitu. Wakamwambia arudishe vitu vyake haraka, basi linachelewa.

Najua jina hilo limetoka wapi. Kisimiri Juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru, imetajwa kwenye taarifa za habari mara nyingi: maofisa wanafyeka mimea, magunia yanarundikwa, moto unawashwa. Siyakatai hayo. Mashamba yapo na Mamlaka imeyateketeza kweli. Lakini wengi wanaoitaja Kisimiri kwa bangi hawajui kwamba shule ya sekondari yenye jina hilohilo, shule ya serikali, iliongoza nchi nzima katika matokeo ya kidato cha sita mwaka 2016. Shule ile iliipata sifa yake kwenye mtihani uliotungwa, ukafanywa, ukasahihishwa, na matokeo yakabandikwa ili kila mtu ayaone. Sifa ya bangi ya mkoa mzima imetokana na picha za mashamba. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuizungumze.

Kila inapokaribia Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, sisi wananchi tunasomewa kilo, ekari na idadi ya watuhumiwa. Kwa mwaka 2023 tuliambiwa kwamba zilikamatwa zaidi ya kilo milioni 1.9 za dawa za kulevya za aina mbalimbali, sehemu kubwa ikiwa bangi, na watuhumiwa zaidi ya 10,000. Tuliambiwa pia kwamba kiasi hicho kilikuwa karibu mara tatu ya kilichokamatwa katika miaka 11 iliyotangulia ukikijumlisha chote. Hiyo ni kazi kubwa na nawapongeza kwa dhati. Lakini, Ndugu Mtakwimu Mkuu, wewe utakubaliana nami kwamba takwimu hiyo haisemi lolote kuhusu wavutaji. Ingekuwa inawahesabu wao, basi mwaka 2023 Watanzania wangekuwa wamevuta zaidi ya mara thelathini ya mwaka wa kawaida, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuamini hivyo. Zilizopanda ni operesheni. Maofisa wengi zaidi walipanda milimani, wakakaa huko siku nyingi zaidi, wakafyeka zaidi.

Jambo hilo naliona kwa macho yangu shuleni. Tuna daftari la makosa, lile jeusi lenye kona zilizochakaa, ambalo kila kosa huandikwa pamoja na jina, darasa na adhabu. Kuna muhula ambao kosa la bangi linajaza kurasa, na muhula ambao halitajwi hata mara moja. Nimelifuatilia daftari hilo kwa makini na nimeona kwamba kinachopanda na kushuka humo ni juhudi za mwalimu wa nidhamu aliyepo. Akiwa ni yule anayeamka saa kumi alfajiri kuzunguka nyuma ya mabweni, anayenusa viganja vya wavulana wanapoingia mstarini, anayejua kwamba mafuta mengi ya nazi kichwani na pipi ya mnanaa mdomoni saa moja asubuhi vina maana yake, kesi zinajaa. Akihamishwa na kuja mwingine anayeshinda ofisini, kesi zinaisha. Wakati huohuo mimi kwenye chumba cha unasihi naendelea kupokea macho mekundu yaleyale, na vidole vilevile vilivyobadilika rangi nchani. Mkaguzi akija akasoma daftari peke yake, ataandika kwamba shule imetakasika.

Kwa mikoa ni hivyohivyo. Mkoa unaofyekwa sana utaonekana mchafu, na mkoa ambao gari la doria halijafika utaonekana msafi. Halafu mwaka unaofuata doria itapelekwa tena kule kulikoonekana kuchafu, kwa sababu takwimu ndizo zilizoelekeza hivyo, na takwimu za huko zitapanda tena. Mkoa mwingine unaweza kukaa miaka ishirini ukiugua bila hata kushukiwa.

Lipo pia suala la hesabu rahisi ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanalielewa. Kwa Sensa ya 2022, Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, Arusha watu 2,356,255, na majirani zetu wa Kilimanjaro 1,861,934. Tuseme, kwa mfano tu, mikoa hii mitatu ina kiwango kilekile cha uvutaji. Dar es Salaam itakuwa na wavutaji zaidi ya mara mbili ya Arusha, na mtu anayetazama idadi ya waliokamatwa atasema Dar ndiko bangi iliko. Ukitaka kujua wapi pana tatizo zaidi lazima ugawanye kwa idadi ya watu, tena utazame umri wao, maana mkoa wenye vijana wengi utakuwa na wavutaji wengi bila kuwa na tabia mbaya kuliko wengine. Hayo yote yanahitaji takwimu za watu. Gunia halina umri wala jinsia.

Tena kulima ni jambo moja na kuvuta ni jingine. Morocco wanalima bangi kwenye milima ya Rif kwa vizazi na vizazi, na sehemu kubwa ya hashishi, yaani utomvu wa bangi, inayotoka huko inavuka bahari kwenda kwa watumiaji wa Hispania, Ufaransa na kwingineko Ulaya. Hapa jirani, wilayani Same, mirungi inayolimwa kwenye milima ya Upare inatafunwa na watu ambao hawajawahi kuiona milima hiyo. Gunia likishashuka Mlima Meru linaweza kufika popote palipo na barabara. Sisemi kwamba Arusha haivuti. Inavuta, nimeshasema ninayoyaona. Ninachosema ni kwamba moshi wa shamba linaloteketezwa Kisimiri hauwezi kutuambia nani anavuta Kahama, Songea au Mtwara.

Nchi nyingine za Afrika zimeamua kuwahesabu watu wenyewe. Kenya, kupitia NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hufanya utafiti wa kitaifa kila baada ya miaka mitano hivi. Ule wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 1.9 ya watu wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wanatumia bangi, yaani karibu watu 519,000, kutoka asilimia 1 mwaka 2017. Wakauchambua wastani huo kwa maeneo, wakakuta Nairobi ina asilimia 6.3, zaidi ya mara tatu ya wastani wa nchi. Lakini kwenye pombe Nairobi haikuongoza. Iliyoongoza ni kanda ya Magharibi, kwa asilimia 23.8. Anayepanga huduma Nairobi na anayepanga huduma Kakamega, huko Magharibi, sasa wanajua kwamba kazi zao hazifanani, na hakuna aliyelazimika kutegemea utani wa kwenye daladala kuambiwa hivyo.

Nigeria walikwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu wao ndio wa kuigwa. Mwaka 2018 ofisi yao ya takwimu, ikisaidiana na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, iliwahoji karibu watu 39,000 katika majimbo yote 36 na Abuja. Ilionekana kwamba asilimia 10.8 ya watu wa miaka 15 hadi 64, yaani kama milioni 10.6, walikuwa wametumia bangi katika mwaka mmoja uliopita. Kwa dawa za aina zote kwa pamoja, Lagos ilikuwa na asilimia 33 na Jigawa asilimia 7. Fikirini maana yake: ndani ya nchi moja, yenye sheria moja ya dawa za kulevya, jimbo moja lina karibu mara tano ya jingine. Waziri wa Afya asiyejua hilo atagawa madaktari na fedha kwa usawa wa kwenye karatasi, na usawa huo utakuwa dhuluma kwa watu wa Lagos. Isitoshe, walijua kwamba watu wanaotumia dawa kwa kiwango cha kuumia hawapatikani kwa kugonga milango tu, kwa hiyo walikwenda kuzungumza na maelfu yao pembeni, na waliwauliza wananchi wa kawaida ni watu wangapi wanaowafahamu wenye hali hiyo.

Marekani wana utafiti wa kila mwaka unaowahoji watu wapatao 70,000, na kutokana nao hutoa makadirio ya kila jimbo. Humo nimejifunza jambo ambalo lingetusaidia sisi tunaopenda sababu moja. Colorado na Utah zinapakana. Colorado, ambako wapiga kura waliruhusu bangi kwa watu wazima mwaka 2012, iko miongoni mwa majimbo ya juu. Utah, yenye Wamormoni wengi, dini isiyoruhusu hata kahawa, iko miongoni mwa ya chini kabisa. Mtu angeweza kusema basi sheria ndiyo inayoamua kila kitu. Lakini Vermont ilikuwa juu kwa miaka mingi hata kabla ya kubadili sheria yake mwaka 2018. Dini, umri, maisha ya mjini, upatikanaji, desturi za wazee wa mahali hapo, vyote vina mchango, na kila eneo lina mchanganyiko wake. Duniani kote, kwa mwaka 2022, Umoja wa Mataifa ulikadiria watumiaji wa bangi kuwa milioni 228, yaani kama asilimia 4 ya watu wa miaka 15 hadi 64, lakini Afrika Magharibi na ya Kati inakaribia mtu mmoja kati ya kumi. Wastani wa dunia haumsaidii mzazi wa Ngarenaro, hapa Arusha mjini.

Nimemtaja mzazi. Naomba niwaeleze kwa nini mwalimu anahangaika na asilimia.

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu saa nane mchana, amejifunga kitenge juu ya sare ya kazi ya usafi wa hotelini. Mwanawe alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa ameanza kwa msokoto mmoja wa kugawana na wenzake wanne kichochoroni, kisha ikawa kila siku, kisha ikafika mahali usiku hataki kula wala kulala, anasimama dirishani akijibizana na watu ambao mama hawaoni. Mama alikuwa ameshampeleka kwenye kituo kimoja cha afya, akaambiwa wanaohudumiwa pale ni wa heroini. Akarudi nyumbani. Majirani wakamwambia ampeleke Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, naye jina la Mirembe lilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Akaja kwangu kwa kuwa shuleni ndiko mtoto alikokuwa anajulikana. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakuegemea, akaniuliza, "Mwalimu, sasa mimi nimpeleke wapi?"

Nilimwandikia barua ya kwenda kwenye hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, nikampa nauli. Wakati huo jina la kijana lilikuwa limeshafika kwenye bodi ya shule. Akasimamishwa masomo. Hakurudi.

Kile kituo hakikumdanganya mama. Methadoni, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011 na imeokoa maisha ya watu wengi, ni dawa ya walionaswa na heroini na ndugu zake. Kwa bangi haina kazi. Hakuna kidonge kilichothibitishwa cha kumtoa mtu kwenye uteja wa bangi. Kinachosaidia ni mazungumzo na mtu aliyesomea, familia kuhusishwa, na muda. Na kwa wale wachache ambao akili imeshayumba, dawa za magonjwa ya akili chini ya daktari. Maana yake ni kwamba mkoa wenye tatizo la heroini unahitaji kliniki za aina moja, na mkoa wenye tatizo la bangi unahitaji wanasaikolojia, wauguzi wa afya ya akili na maofisa ustawi wa jamii waliosambazwa kwenye vituo vya afya vya kata. Ukiujengea mkoa wa bangi kliniki ya heroini umetumia fedha, umekata utepe, na mama yule bado amekaa ukingoni mwa kiti.

Niseme pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba si kila anayevuta anafikia hapo. Kati ya watu kumi waliowahi kuvuta, kama mmoja ndiye anayenaswa. Wakianza wakiwa na umri wa wanafunzi wangu inakuwa kama mmoja kati ya sita, na kuvuta kila siku kunaongeza hatari ya kuugua akili. Kwa hiyo utafiti usiishie kuuliza kama mtu amewahi kuvuta. Uulize alianza na umri gani, na anavuta mara ngapi. Mikoa miwili inaweza kulingana kwa idadi ya wavutaji huku mmoja wao una watoto wa miaka 13 na mwingine una watu wazima wa jioni za wikiendi. Hatari zao hazilingani hata kidogo.

Na fikirini upande wa pili, ambao ndio unaoniuma zaidi. Chukulieni kwamba utafiti unafanyika na Arusha inaonekana ya kawaida tu, katikati ya orodha, na mkoa ambao haujawahi kutajwa kwa bangi unaonekana juu. Watoto wa mkoa ule leo hii hawana anayewatafuta. Mwalimu wao hajapewa semina yoyote, hospitali yao haina mshauri, na mzazi wao anaambiwa mtoto karogwa. Jina baya linatuonea sisi, lakini jina zuri linawaonea wao zaidi.

Mtasema kazi hiyo ni kubwa. Nchi hii imeshafanya kazi kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2018 tulifanya utafiti wa tumbaku kwa watu wazima tukajua kwamba asilimia 8.7 wanatumia tumbaku, wanaume asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Maswali ya bangi ni yaleyale ya tumbaku, yanayoongezeka ni woga wa mjibuji tu. Mwaka 2022 tulihesabu watu wote, milioni 61 na zaidi, kwa kutumia vishikwambi, na vishikwambi hivyo baada ya Sensa vikagawiwa kwetu sisi walimu. Walimu wengi ndio waliokuwa makarani. Vifaa vipo, watu waliofundishwa wapo, ramani za maeneo ya kuhesabia zipo.

Woga ndio unaohitaji akili. Kwa sheria zetu bangi ni kosa, na wapo waliofungwa miaka 30 kwa ajili yake. Mtu mwenye akili hawezi kumwambia karani mgeni kwamba anavuta, huku mwenyekiti wa mtaa amesimama mlangoni na balozi wa nyumba kumi anachungulia. Kwa hiyo naomba sana: karani asiongozane na kiongozi wa mtaa hadi ndani, asitoke mtaa huohuo, na asiwepo askari wala mtu wa Mamlaka kwenye timu. Mjibuji apewe kishikwambi ajibu mwenyewe kwa kugusa, karani akiwa amegeukia pembeni, na asiyejua kusoma asikilizishwe maswali kwa spika za masikioni. Jina lisiandikwe. Sheria yetu ya Takwimu inalinda siri za mjibuji, ila mwananchi haijui, naye Kamishna Jenerali ndiye mtu ambaye kauli yake ingeaminika kuliko ya mtu mwingine yeyote. Akisimama hadharani akatamka kwamba majibu ya utafiti hayatamfikisha mtu yeyote mahakamani, watu watasema kweli. Asipotamka, tutapata takwimu nzuri sana za uongo, na mikoa yenye hofu kubwa ndiyo itakayoonekana misafi zaidi.

Huko Ulaya wapo wanaopima majitaka ya miji kutafuta mabaki ya bangi yanayotoka mwilini, na kwa njia hiyo wanailinganisha miji bila kumuuliza mtu yeyote. Ni njia nzuri kwao. Kwetu ambako nyumba nyingi zinatumia mashimo ya vyoo, bomba la majitaka lingetuambia habari za mahoteli na maofisi ya katikati ya mji, na mitaa ninakotoka wanafunzi wangu isingeonekana kabisa. Tuanze na kaya. Tuongeze shule, kwa dodoso lisilo na jina, na tuongeze vijiwe, stendi na masoko kama Kilombero la hapa mjini, maana wengi wanaolala huko hawana mlango wa kugongwa.

Nimeshasikia pia hoja kwamba kutangaza takwimu za mikoa kutaaibisha mikoa. Waheshimiwa, sisi tumeshaaibishwa. Kama takwimu zitatuweka wa kwanza, tutakuwa wa kwanza kwa hesabu inayoweza kupingwa, kurudiwa na kulinganishwa na ya miaka mitano ijayo, na tutakuwa na haki ya kuwadai wahudumu wanaolingana na ukubwa wa tatizo. Na wale wanaohofu kwamba ni njia ya kudai bangi ihalalishwe, wawe na amani. Afrika Kusini mahakama yao ya katiba iliruhusu watu wazima kuitumia faraghani mwaka 2018; huo ni mjadala wao. Mimi sitaki mwanafunzi wangu hata mmoja avute. Nataka tu kujua wako wangapi, wako wapi, na nani atawapokea.

Waheshimiwa wabunge, naomba mliulize swali hili bungeni wakati wa bajeti ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako Mamlaka iko, na tena wakati wa bajeti ya Afya, na msikubali kujibiwa kwa kilo. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, wakati tukisubiri utafiti wa taifa, unaweza kuagiza jambo dogo lililo ndani ya uwezo wako: kila halmashauri ya mkoa huu itaje ni kituo gani cha afya kinampokea mtu wa bangi, siku zipi, na kwa nani, na orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata na ije kwetu walimu wa unasihi.

Na kama mtaanza na majaribio katika wilaya chache kabla ya nchi nzima, naomba Arusha mjini na Arumeru ziwemo, pamoja na wilaya mbili tatu ambazo hazijawahi kutajwa kwa bangi, ili kuwe na cha kulinganisha. Shuleni kwetu makarani watakaribishwa. Chumba cha unasihi kina mlango unaofungwa kwa ndani, na mimi nitakaa nje wanafunzi wanapojibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa ushauri na unasihi,
Arusha.